Kibangwa Kwenye Maji ya Ukwaju

Kibangwa nilikiharibu mimi. Naanza na hilo, asije mtu akasema nimelificha.

Ni kigae cha kombe la baharini, cheupe, cha mviringo, kikubwa kama kiganja cha mtoto, kina tundu katikati. Babu wa mume wangu alikileta kutoka pwani enzi za kwenda kwa miguu. Katika ukoo wetu anayekivaa ndiye mwenye mji. Masunga, mume wangu, alikivaa miaka arobaini na moja, kwenye kamba moja na bangili nne za shaba. Jumapili alikuwa anakivua, anakitundika ukutani, tunakwenda kanisani. Padri alijua. Hakuuliza.

Masunga alikufa mwezi wa kumi, watu wakiwa wanatayarisha mashamba ya pamba. Ukoo ukapanga kwamba mwezi wa nne, Pasaka ikishapita, mwanangu Mboje avikwe. Ndiye mtoto wetu pekee aliyebaki. Anakaa Nyalikungu na mkewe Flora, lakini alishaamua kurudi hapa kwetu, nje kidogo ya Bariadi, na matofali alishafyatua. Ila kwetu kibangwa kikimkataa mwana, mji huhamia kwa ndugu wa marehemu. Ndugu huyo ni Machibya, shemeji yangu, wa Kimali kule Meatu. Ningehamishwa pamoja na ng'ombe. Kaburi la Masunga lingebaki na majani.

Yote hayo niliyajua. Niliyajua kama unavyojua bei ya chumvi. Tangu mazishi nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaugusa, kidole unakiona, lakini husikii kitu. Nilikamua, nilifagia, nilikula nikipewa.

Jumatano ya wiki ya kumvika Mboje nilichukua bangili nizisafishe, maana zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Shaba sisi tunaisafisha kwa ukwaju. Unauchemsha, unauvuruga, unaloweka bangili asubuhi ukishakamua mpaka jua la utosi, kisha unasugua kwa gunzi. Zinatoka nyekundu kama zimetoka kwa fundi leo. Nimefanya hivyo tangu nilipoolewa. Safari hii niliitumbukiza kamba nzima, bangili na kibangwa pamoja, kwenye beseni la plastiki, nikaliweka nyuma ya mlango. Kisha nikasahau. Siku zile nilikuwa nasahau.

Alhamisi wakaja Machibya na mkewe Milembe, kwa pikipiki mbili, na mbuzi na mchele wa shughuli.

"Mwadila, mayu," Milembe alinisalimu, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Mwadila."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Amani tu, ndivyo tunavyojibu hata kama hakuna amani. Akaingia ndani kutafuta sufuria. Akatoka bila sufuria.

"Mama Mboje, nyuma ya mlango kuna nini?"

"Beseni."

"Beseni nimeliona. Ndani yake!"

"Bangili za mzee."

"Mbona zinaongea?"

Nikaenda kuangalia. Juu ya maji kulikuwa na povu la kahawia. Kwenye kibangwa vilikuwa vinapanda vipovu vidogo, kimoja nyuma ya kingine kama siafu, vikifika juu vinapasuka. Ukitega sikio ulisikia kama mafuta yanakaangiwa nyumba ya pili. Bangili zilikuwa kimya. Ni kibangwa tu.

"Kinachemka bila moto," Milembe alisema. "Baba Lucy! Baba Lucy, njoo umwone kaka yako!"

Machibya akaja, akavua kofia, akainama juu ya beseni muda mrefu. Si mtu mbaya Machibya. Alipoinuka jasho lilikuwa limemtoka puani.

"Kisiguswe," alisema.

"Ngoja nikitoe, shemeji. Nimekisahau tangu jana."

"Nimesema kisiguswe! Mtu akisema, anaachwa amalize. Kesho naita wazee."

Basi akaachwa amalize.

Ijumaa asubuhi wazee wakaja, wakachungulia mmoja mmoja. Alikuwepo Novatus, binamu wa marehemu, ambaye kwa hiyo ni mtani wetu na ana ruhusa ya kusema lolote hata msibani.

"Huyu Masunga," Novatus alisema, "alipokuwa hai ulikuwa unamvuta neno kama unavuta jino. Leo kawa redio?"

Hakucheka mtu. Mzee mmoja alisema ni dalili, mwenye mji anamkataa Mboje kwa kuwa amekaa mjini mno. Mwingine akasema huenda ni furaha. Machibya hakusema kitu, lakini kimya chake niliona kinaelekea Kimali.

Jua lilipofika utosini wakakubaliana nikitoe. Nikavuta kamba. Kibangwa hakikuwa na weupe wa maziwa tena. Kilikuwa na weupe wa chaki, kimefunikwa unga. Kilikuwa na ufa wa zamani. Nikakifuta kwa kidole gumba, kikavunjikia mkononi mwangu. Vipande vitatu. Bangili zikabaki kwenye kamba, nyekundu, safi kabisa.

"Masunga amekivua," mzee yule wa kwanza alisema.

Milembe aliziba mdomo kwa khanga. Machibya akavaa kofia yake.

"Kesho tutakaa kama ilivyopangwa," alisema. "Lakini si kikao cha kuvika tena. Ni cha kuamua."

Mboje na Flora walifika jioni ile. Mboje alipoambiwa alikwenda kukaa juu ya matofali yake, akanipa mgongo. Flora akanifuata jikoni. Mkwe wangu huyu ni mwalimu wa sekondari, anafundisha kemia. Alichukua kipande kimoja akakigeuzageuza, akanusa beseni, akachovya kidole akaonja.

"Mama, huu ni ukwaju?"

"Ukwaju."

"Umekaa siku mbili?"

"Tangu Jumatano. Baba mkwe wako Machibya alisema kisiguswe."

Akafumba macho kidogo.

"Mama, humu hakuna aliyeongea."

Akaniuliza kama nina mayai. Nikampa moja. Akalipasua kwenye bakuli, ganda akalivunjavunja akalitia kwenye glasi, akakamulia limao. Ganda likaanza kutoa povu, vipovu vilevile vya siafu. Nikatega sikio. Sauti ileile.

"Ganda la yai, ganda la konokono, kombe la bahari, hata mawe ya kuchomea chokaa," Flora alisema, "vyote ni kitu kimoja. Kinaitwa kaboneti. Na ukwaju, limao, maziwa yaliyoganda, vyote vikali vya namna hiyo vina asidi. Asidi ikikutana na kaboneti haiiachi. Inaivunja, na vinatoka vitu vitatu: chumvi, maji, na hewa. Hiyo hewa ndiyo povu."

"Chumvi ya mboga?"

"Siyo hiyo. Ni chumvi ya jina tu. Mama, ukipika mlenda ukaweka magadi, halafu mtu akakosea akatia ukwaju, inakuwaje?"

"Inafura. Inamwagika jikoni."

"Ndiyo hiyohiyo. Magadi nayo ni kaboneti."

Nilikaa kwenye kigoda nikafikiri. Mlenda umenimwagikia mara ngapi.

"Mbona shaba haikuliwa?"

"Shaba siyo kaboneti. Ile kutu yake ya kijani ndiyo kaboneti. Ukwaju ulikula kutu, ukaacha shaba."

Kwa hiyo kilichosafisha bangili ndicho kilichokula kibangwa, kwenye beseni moja, kwa kazi moja. Niliona ni sawa. Nikasubiri kuona kama nitapata uchungu, au nafuu. Sikupata.

"Basi kesho waambie," nikasema.

"Mimi? Mama! Nimfundishe baba mkwe huku nimepiga magoti naangalia chini?"

Alikuwa na haki. Kwetu mkwe wa kike hatazamani na baba mkwe, hamtaji jina, hasimami mbele yake akanyoosha kidole. Flora anasimama mbele ya wanafunzi mia na zaidi, lakini kwa Machibya ni mkwe tu.

"Mboje je?"

"Mboje akisema, watasema anajitafutia mji."

Nikaona nimebaki mimi. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na ninachokumbuka zaidi ni kupalilia pamba ya mwalimu.

"Nifundishe," nikasema.

Akanifundisha mpaka kuku wakapanda kulala. Mayai matano yaliisha, tukayakaanga. Alinifanya niseme maneno kwa mdomo wangu, na nikikosea ananirudisha.

"Mvua ya pili, Mama. Sema tena. Kinachotoka ni nini?"

"Chumvi, maji, na hewa. Hewa yake inazima moto. Na mvua imeingiaje hapa?"

"Ndivyo ninavyowaambia wanafunzi wakirudia. Sasa sikiliza. Usiseme 'dawa'. Sema 'limao'. Hata wakikuuliza ni dawa gani, wewe sema ni limao. Ukisema dawa mbele ya wale wazee, umekwisha."

Nilimwelewa. Mwanamke mzee, mjane, na kitu cha marehemu kimechemka ndani ya nyumba yake bila moto. Huku kwetu neno moja linatosha.

Jumamosi turubai lilifungwa, watu wakakaa kwenye mabenchi ya kigango. Wanawake tulikaa kwenye mikeka upande wa jikoni. Machibya alifungua kwa sala ya Baba Yetu, kisha akaweka vile vipande vitatu kwenye ungo, na ungo juu ya meza.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Kaka yangu hakutaka. Mimi sikukiomba kiti hiki."

"Shemeji," nikasema, "naomba nafasi."

"Sema, mayu."

"Nilikiharibu mimi. Nilikiloweka pamoja na bangili kwenye ukwaju. Ukwaju umekila."

Pakawa na mnong'ono. Mzee yule wa dalili akatikisa kichwa.

"Na mimi ningekuwa mama yake ningesema hivyohivyo," alisema. "Mama atabeba hata moto kwa ajili ya mwanawe."

Nikaomba meza. Nikaweka glasi, nikavunjia maganda ya mayai, nikakamua malimao mawili. Povu likapanda. Nikasema niliyofundishwa: kombe na ganda ni ndugu, kichachu kikikutana nalo kinalivunja, hutoka chumvi, maji na hewa. Sikutetemeka. Mtu asiyesikia kitu hatetemeki.

"Ni dawa gani hiyo?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Limao. Nimelinunua gulioni leo asubuhi. Milembe alikuwepo."

"Nilikuwepo," Milembe alisema. "Na ghali lilikuwa."

Machibya akasogeza uso kwenye glasi.

"Hili ni yai," alisema. "Kibangwa siyo yai."

"Kweli," Novatus alidakia. "Yai ukilivaa shingoni utanuka tu."

Safari hii wakacheka wachache. Nikachukua kipande kimoja kwenye ungo, nikakidondoshea limao. Vipovu vikatoka, vidogo, vikaisha.

"Povu hata sabuni inatoa," Machibya alisema. "Unasema kimeliwa. Mimi nataka nione kinaliwa. Kiishe mbele yangu kama unavyosema kililiwa kwenye beseni, nami nitakubali."

"Kikiwa kigumu hivi kitachukua siku, shemeji. Kikisagwa ndiyo kitakwenda haraka."

Hilo halikuwa la kupangwa. Flora alilisema jana kwa kupita tu, kuhusu maganda. Nilimwona kwenye mkeka akiinua kichwa.

"Kisage basi," Machibya alisema. "Vyote vitatu. Isije ikasemwa kimoja kimekubali na viwili vimekataa."

Mboje akasimama.

"Hapana! Mama, hapana. Nimeongea na fundi Bariadi, anaweza kuviunga kwa waya wa shaba. Ukivisaga nitavikwa nini?"

Watu wote wakanitazama. Vikibaki vizima, Mboje ana kibangwa lakini hana mji. Vikisagwa, huenda akapata mji bila kibangwa. Nilivitazama vile vipande. Nilivijua. Kimoja kilikuwa na ukingo ulionoleka, ndio uliokuwa unakwaruza kifua cha Masunga wakati wa joto, nikawa nampaka samli.

"Kaa chini, Mboje," nikasema.

Nikavuta jiwe la kusagia. Nilipiga magoti, nikavipondaponda kwanza, kisha nikasaga kama ninavyosaga karanga. Vilikuwa vigumu kuliko karanga na laini kuliko nilivyotegemea. Jiwe tu ndilo lililosikika. Nilipomaliza kulikuwa na unga mweupe, unatosha kujaza kiganja. Nikaukusanya kwa ubawa wa kuku, nikautia kwenye glasi nyingine, nikakamua malimao manne.

Ulifura. Povu lilipanda mpaka ukingoni, likamwagikia meza, na sauti yake waliisikia hata wa benchi la nyuma.

"Sasa kiberiti," nikasema. "Hewa yake inazima moto."

Machibya hakunipa kiberiti chake. Aliwasha njiti mwenyewe, akaishusha ndani ya glasi juu ya povu. Ikazimika. Akawasha ya pili. Ikazimika. Akaivuta ile glasi ya maganda ya mayai, akakamulia limao jingine, akajaribu na huko. Ikazimika. Akarudi kwenye ya kibangwa, ikazimika tena. Akakaa na njiti nyeusi mkononi, kama mtoto aliyekatazwa.

"Ni sawasawa," alisema, si kwa mtu. Kisha kwa sauti: "Ni ukwaju."

"Ni ukwaju," Novatus alisema, "lakini nani alitoa amri kisiguswe? Mama Mboje alitaka kukitoa Alhamisi. Ukwaju ulikula kwa kibali chako, bwana mkubwa. Ungegonga na muhuri kabisa!"

Hapo walicheka kweli, hata wazee. Machibya akajifuta uso kwa kofia. Alipomaliza akanigeukia, na hakuwa anacheka.

"Shemeji, kaka alikuwa anakifungua. Nimemwona mara nyingi. Anafungua kamba, anatoa kibangwa, ndipo anakupa bangili ukaloweke."

"Ndiyo."

"Sasa wewe kwa nini hukufungua?"

Hilo Flora hakunifundisha jibu lake.

"Fundo alilifunga yeye," nikasema. "Ndilo la mwisho."

Machibya akatazama chini. Mbuzi alilia nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimesimama na mikono ina limao, sikujua niikaushe wapi.

"Basi Mboje hajakataliwa," Machibya alisema mwishowe. "Lakini hawezi kukaa mtupu. Lazima akabidhiwe kitu. Kibangwa chenyewe kiko wapi sasa?"

"Kiko humu," nikasema, nikaonyesha glasi. "Sehemu imekwenda na hewa. Iliyobaki imo kwenye maji."

"Haijapotea?"

"Haijapotea. Imegeuka."

Machibya akawaangalia wazee. Mzee wa dalili akainua mabega.

"Kama hakifungwi," Machibya alisema, "basi kinyweke."

Nikamtazama Flora. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mkwe, lakini midomo yake ilisema: limao tu, Mama. Na chokaa kidogo.

Mboje akaja akapiga magoti mbele ya baba yake mdogo. Machibya akakoroga glasi kwa kijiti, akamtajia majina ya waliokivaa, saba, la mwisho Masunga, akampa. Mboje akanywa. Koo lilikuwa linapanda na kushuka. Uso ukamkunjamana kwa uchachu, jicho moja likafumba lenyewe, lakini hakuacha mpaka akamaliza.

"Mji uko hapa," Machibya alisema. "Na mama yako yuko hapa. Aliyenisikia anisikie."

Milembe ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza, wengine wakafuata. Mboje alinishika mikono na limao lake lote, akalia. Nilimwacha anishike. Novatus alikuwa anamwuliza tayari kama tumboni kinaongea au kimenyamaza.

Nikachukua glasi. Chini palibaki unga mweupe kidogo usioyeyuka. Nikatia maji, nikatikisa, nikasimama kati ya meza na jiko, sijui pa kuyamwaga. Milembe akapita na sahani kumi kichwani.

"Mayu, unasubiri nini? Watu wana njaa."

Nikayamwaga hapohapo nilipokuwa nimesimama, nikaenda kupakua wali.